Mtu Aliyetufundisha Kutoweka

Tarehe kumi na tisa mwezi wa sita, siku ya Alhamisi, Mlezi wetu alifariki nyumbani kwake Uyole, Mbeya. Karibu miaka miwili kabla ya hapo, tarehe saba mwezi wa nane, nilikuwa nimepoteza kanisa la wanawake kumi na wanne pale Ipogolo, Iringa, na nililipoteza kwa kumsikiliza yeye. Naandika yote mawili pamoja kwa sababu ndani yangu hayajawahi kuachana.

Nimeanza na tarehe na kilichopotea kwa kuwa ndivyo alivyotufundisha kueleza jambo. "Tarehe. Kilichopotea. Halafu kilichotokea," alikuwa akisema. "Ukifika kwenye jambo la mwisho lililotokea, nyamaza. Mafundisho tutayatoa wenyewe." Ukiongeza neno aliinua kiganja, kama askari wa barabarani.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Sikuwahi kumwuliza. Nilimjua miaka sita, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Mwezi mmoja sisi wa Iringa tulipanda basi kwenda Mbeya, mwezi uliofuata wa Mbeya walikuja kwetu. Tulikuwa watu saba, kila mmoja anaanzisha kanisa ambalo watu wengine hawakuliita kanisa. Baba Neema wa Mbeya alikuwa na waendesha bodaboda wenzake, walikutana kijiweni asubuhi kabla abiria wa kwanza hajafika, pikipiki zimepangwa duara. Elia wa Idodi alikuwa na wanaume wa kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi. Aliwahi kabla mtu hajagusa kikombe, wakasoma sura moja, wakabishana, kisha yeye akaondoka na wao wakabaki na ulanzi wao. Mimi ni fundi cherehani, nimeishia darasa la saba. Nilikuwa na mama lishe wanaowapikia madereva wa malori kando ya barabara kuu.

Mimi na mama lishe wangu tulikutana Jumatatu saa tisa alasiri, muda wa kuosha masufuria. Mmoja anasoma, wengine wanasugua, halafu tunaulizana, halafu tunakula kilichobaki. Hatukuwa na mchungaji, wala kengele, wala jina. Tulisema tu "Jumatatu." Mtu akiumwa, "Jumatatu inakwenda kumwona." Mama yangu anakaa Kalenga, ni Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Siku nilipomweleza aliuliza:

"Kanisa gani linanuka vitunguu?"

"La watu wanaokata vitunguu, mama."

"Haya. Siku ukifa watakuzika na sufuria."

Hakuna hata mmoja kati yetu saba aliyesomea kazi hii. Ndiyo maana kundi lilikuwepo: tuliojaribu na kukosea tufundishane sisi kwa sisi. Mlezi hakutaka kuitwa mwalimu, wala mchungaji, wala baba. "Mimi nawasha jiko tu," alisema. "Mnaopika ni ninyi." Lakini ukimwita kwa jina lake, hakuitika. Na chakula kikiungua alijua nani alikuwa jikoni.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sweta la kijivu nililomshonea viwiko mara mbili. Alisafiri na kigoda. Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kifupi, kimekaliwa mpaka kinang'aa katikati. Kwenye basi alikipakata. Konda akimwambia kiende kwenye buti, alimwuliza, "Wewe mama yako unampakia kwenye buti?" Konda akaachana naye.

Kigoda ndicho kilichokuwa kundi. Kila mkutano mtu mmoja alikikalia saa nzima, wengine tukiwa kwenye viti vya kawaida. Ukikikalia magoti yanapanda mpaka kifuani, na kila uso unautazama kutoka chini. Nilikuja kujua baadaye kwamba hilo lilikusudiwa. Unaeleza ulichokwama nacho kwenye kanisa lako, halafu wenzako wanakuuliza maswali. Maswali tu. Ushauri ulikatazwa. Pole ilikatazwa. Maombi yalisubiri mwisho. Ukisema, "Ningekuwa mimi," ulitoka nje ukasimame uani mpaka saa iishe. Mwisho aliyekaa anasema sentensi moja, atafanya nini kabla ya mwezi ujao, na Mlezi anaiandika kwenye daftari lake. Mwezi ujao anaisoma kwa sauti.

Sitasema uongo, kilifanya kazi. Mwaka wangu wa kwanza Elia aliniuliza, "Wanawake wako wakiwa na swali gumu, wanamtazama nani?" Nilijua ni mimi. Jumatatu iliyofuata nilichukua sufuria kubwa kuliko zote nikawapa mgongo. Walisoma, wakafika mahali pagumu, nikasikia kimya kinanisubiri. Sikugeuka. Nilisugua ile sufuria mpaka ikanitoa ngozi. Jumatatu ya tatu mmoja akamjibu mwenzake, na tangu siku hiyo walijibizana. Kwa jambo lile peke yake ningempenda Mlezi maisha yangu yote, kama mambo yangeishia pale.

Alikuwa mkatili, na tulimsifu kwa ukatili huo. Baba Neema aliwahi kuja na bango jipya la kanisa la bodaboda, limechapishwa vizuri, lina picha yake mwenyewe amevaa tai. Mlezi alilitandika sakafuni, akaweka chupa ya chai na vikombe juu yake.

"Huyu nani?"

"Ni mimi, Mlezi."

"Anagombea nini?"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika kwenye ile tai. Baba Neema alicheka pia, kwa shida. Mwezi uliofuata alipoulizwa bango liko wapi alisema limeezeka banda la kuku. "Kuku wanalionaje?" aliuliza Mlezi, na tukacheka tena.

Siku nyingine alikuja mama mmoja kutoka Makambako, mara ya kwanza. Alikuwa ameanzisha ibada nyumbani kwake na mumewe alikuwa amewafukuza wote. Alikaa kwenye kigoda akalia. Mlezi alitazama saa. "Umelia dakika sita," alisema. "Kuna mwenye swali?" Yule mama hakurudi. Mmoja wetu alipomkumbuka, Mlezi alisema, "Kigoda hakikumfukuza." Siku hiyo pia tulicheka. Nilikuwemo.

Sasa niweke na mengine. Nyumbani kwake alikuwa na mti wa parachichi, na kila mkutano alituletea, kila tunda limefungwa gazeti peke yake. Alikuwa anakugawia na siku. "Hili la Jumamosi. Hili la Jumanne, usilibonyeze." Halikuwahi kukosea siku. Elia alipougua malaria kali, Mlezi alipanda basi kutoka Mbeya mpaka Iringa, akaunganisha gari la Idodi, akakaa siku mbili anamnywesha uji na kumfuta jasho. Elia alipotaka kumshukuru mbele ya kundi, alikana.

"Nilikuwa na shughuli zangu huko."

"Shughuli gani Idodi, Mlezi?"

"Kuangalia tembo."

Alisema nyimbo za kanisani zinalaza watu usingizi, lakini yeye ndiye aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote, na sauti yenyewe mbaya. Alituambia kanisa lisimtegemee mtu mmoja. Na hakukosa mkutano hata mmoja kwa miaka ile yote, wala hakumpa mtu mwingine nafasi ya kufungua.

Jambo lake kubwa lilikuwa kutoweka. Ukifikisha miaka mitatu na kanisa lako, ulitakiwa kutoweka wiki nane. Huendi. Hutumi ujumbe. Huelezi sababu, wala kabla wala katikati. Mtu akikukuta njiani, salamu na kupita. "Kama ni kanisa, litakutana," alisema. "Kama ni wewe, litakufa, na ni afadhali ujue mapema."

Baba Neema alikuwa wa kwanza. Aliporudi kijiweni alikuta wapo wote, wameongezeka wawili, na mwenzake mmoja amekaa mahali pake na anapafaa. Alipotusimulia alibubujikwa na machozi. Mlezi akamwuliza, "Unalia nini? Umefaulu." Elia aliwaacha wanaume kumi na mmoja akakuta wawili. Mlezi akamwambia hao wawili ndio kanisa, wale tisa walikuwa wateja. Na Elia akakubali, na ni kweli wale wawili wapo mpaka leo.

Halafu zamu ikanifikia mimi.

Chumba changu cha kushonea kinatazamana na vibanda vya mama lishe, barabara kuu ikiwa katikati. Nilikuwa nawaona dirishani. Jumatatu ya kwanza waliningoja, wakaangalia upande wangu, wakatawanyika bila kusoma. Ya pili wakaanza wamechelewa. Ya nne niliwasikia wakiimba. Nilikuwa na daftari, kwa kuwa Mlezi alitaka maelezo kamili, nikaandika humo: wanaimba. Nikaandika nani kasoma, nani kacheka. Nilijisikia kama mtu aliyeshona gauni akaliona limempendeza mwingine barabarani.

Wiki ya tano alikuja Mama Zawadi. Huyu ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote kumi na wanne, mpika maharage, mwanamke mnene wa kutania kila mtu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Zawadi, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Alibisha mlango wangu.

"Hodi, fundi! Kamwene! Upo, au umeokoka kutuzidi?"

Niliondoa mguu kwenye pedali. Alisubiri, akacheka peke yake, akaondoka.

Wiki iliyofuata alibisha tena. Safari hii hakutania. "Fundi, Zawadi amelazwa. Presha imepanda. Twende wote, mwenzangu, mimi ule ukumbi wa wodini naogopa kuupita peke yangu." Nilikuwa nimeshika kola ya shati la shule. Niliishika tu. Nilimsikia anavuta pumzi nje ya mlango, karibu sana. Kisha ndara zake zikaenda.

Mara ya tatu hakusema hodi. Alipiga mlango kwa kiganja. "Zawadi hayupo. Hata mtoto hayupo. Tunazika kesho." Akaegemea mlango. "Najua upo humo. Nasikia cherehani inavyonyamaza."

Zilibaki siku tisa wiki nane zitimie. Sikumpigia simu Mlezi kumwuliza. Nasema hili wazi ili nisimsingizie. Nilidhani najua atakachojibu, na niliogopa kusomwa kwenye daftari mwezi ujao kama mtu aliyeshindwa zimebaki siku tisa. Baba Neema alifaulu. Elia alifaulu. Hicho ndicho nilichokuwa nakifikiria wakati mwenzangu anapiga mlango.

Kesho yake pikapu ilikuja kuchukua watu pale vibandani kwenda kuzika kijijini kwao. Jeneza lilikuwa katikati na wanawake wa Jumatatu wamelizunguka, kanga zimefungwa kiunoni. Nilitoka nikasimama upande wangu wa barabara. Lilipita lori moja la mafuta. Lilipokwisha kupita Mama Zawadi aliniona, akiwa juu ya pikapu, mkono mmoja juu ya jeneza. Hakuniita. Alinitazama kama unavyotazama kibao cha duka ambacho hukihitaji. Pikapu ikaondoka.

Kwetu ukikosa harusi watu wanakutania. Ukikosa msiba wa jirani na wewe u mzima, hakuna anayekuja kukuuliza kwa nini.

Tarehe saba mwezi wa nane, Jumatatu, saa tisa, nilivuka na sabuni yangu na steel wire ya kusugulia mkononi. Kila mmoja alikuwa anaosha kwenye kibanda chake. Nikasimama katikati nikawaeleza. Nilidhani wakijua sababu watanielewa. Nikasema ulikuwa mpango wa kundi letu la wanaoanzisha makanisa, ilikuwa nipate kujua kama mnaweza kukutana bila mimi, na mimi nilikuwa nawaona, nilikuwa naandika, mlifanya vizuri sana. Nikawaonyesha na daftari.

Mama Zawadi alikuwa amekonda. Aliweka sufuria chini.

"Ulikuwa unaandika."

"Ndiyo."

"Siku nimekuja kukuambia mwanangu kafa, uliandika nini?"

Alilichukua daftari. Siku ile nilikuwa nimeandika: *Mama Z. amekuja mara ya tatu. Sikufungua.* Hakuwa hodari wa kusoma, akampa mwenzake asome kwa sauti. Malori mawili matatu yakapita.

"Ulitaka kujua kama tunaweza bila wewe," Mama Zawadi alisema. "Tuliweza. Tuliimba bila wewe, tukazika bila wewe. Sasa nenda."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu gani? Mimi siwezi tena kukaa na watu nikiwaza nani kati yao anapima." Akachukua sufuria yake. "Narudi Lutheri. Kule angalau ukiwa na msiba wanakuja."

Hawakukutana tena. Wengine wamerudi makanisa ya kwao, wengine hawaendi popote. Wote bado wanapika palepale, na mimi bado nashona palepale.

Mkutano uliofuata ulikuwa Mbeya, sebuleni kwa Mlezi. Niliomba kigoda mwenyewe. Nilitaka watu wanaojua kazi hii waniambie kilichotokea ni nini. Nikasema tarehe, nikasema kilichopotea, nikaeleza mpaka mwisho nikanyamaza. Baba Neema aliuliza swali moja kwa sauti ya chini, silikumbuki. Elia akauliza, "Alibisha mara ngapi?" Nikasema mara tatu. Mlezi, aliyekuwa anaandika, aliinua kichwa kwa jibu hilo, akakaa hivyo kidogo. Halafu akaanza yeye.

"Barabara ya pale Ipogolo ina upana gani?"

"Hatua kama ishirini."

"Kulikuwa na gari linapita?"

"Lori la mafuta."

"Lilipokwisha kupita?"

"Hakukuwa na kitu."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Mbeya."

"Nani alikuzuia kuvuka?"

Sikuwa na pa kutazama, magoti yalikuwa mbele ya uso wangu. Hakuna aliyesema pole, kwa sababu ilikatazwa. Nikasema, "Wewe."

Akainua kiganja. "Sijakuuliza unamlaumu nani, fundi. Nimeuliza nani alikuzuia."

Ilikuwa imepita robo saa tu. Kanuni ilikuwa saa nzima, na nilikaa saa nzima. Watu sita waliojifunza kuuliza kwa miaka walinitazama, na nikawaza kwamba siku Mlezi anatuletea mpango wa kutoweka, hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: na kukiwa na msiba? Tulikuwa hodari wa maswali, na swali ambalo mtoto yeyote wa Kihehe angeliuliza halikumjia mtu. Hata mimi halikunijia.

Mwisho nikatakiwa kusema nitafanya nini. Nikasema, "Sitafanya kitu." Akaandika hivyohivyo. Kisha akagawa maparachichi. Alipofika kwangu alinipa langu limefungwa gazeti, akasema, "Hili la Jumatatu."

Sijui kama alijua alichosema. Nililibeba mpaka Iringa. Jumatatu nilipolikata lilikuwa limeiva sawasawa, na nililila.

Watu huniuliza kwa nini sikuacha lile kundi. Niliendelea kwenda kila mwezi kwa sababu nilitaka jibu moja kwake, ni nani kati yetu wawili aliyeiua Jumatatu. Angesema ni yeye, ningelia nikapumzika. Angesema ni mimi, nadhani ningepumzika pia. Alinigawia maparachichi, akanisoma kwenye daftari, *sitafanya kitu*, na hakuligusa tena.

Mwaka huu mwanzoni alipata kiharusi. Alhamisi ya kwanza iliyofuata tulijiuliza kama tukutane, tukakutana. Tulitumia kiti cha plastiki badala ya kigoda. Baba Neema alifungua, akafungua vizuri. Kwenye kundi la wasap tuliandika pole Mlezi, tunakuja kukuona. Mwezi wa pili tukaandika tena. Hakuna aliyekwenda. Baba Neema anapita na pikipiki mbele ya njia ya nyumba yake kila siku. Sidhani kama tulikuwa na kazi nyingi. Nadhani kila mmoja wetu aliona nafuu fulani, na hatukuambiana.

Mwezi wa tano mkutano ulikuwa Mbeya. Ulipoisha, saa nane mchana, nilienda kwake peke yangu. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa kwenye basi tangu Makambako.

Mkewe alinipokelea jikoni, anamenya viazi. Yeye nilimfahamu kwa chai tu, miaka yote alikuwa anaweka chupa mezani na kutoka. Aliniambia Mlezi amelala kidogo, nisubiri. Nikachukua kisu nikamsaidia.

"Wewe ndiye yule fundi," alisema. "Wa barabara."

"Ndiyo, mama."

"Ile habari ya kutoweka aliwaambia aliitoa wapi?"

"Kwenye mafundisho tu."

Alicheka kupitia puani. Akaniambia kwamba zamani mumewe alikuwa mchungaji wa kanisa kubwa mjini, watu wanajaa mpaka nje. Jumapili moja akaamua asiende, bila kuaga, aone nani atakuja kumtafuta. "Alikaa pale nyuma ya mlango, kwenye hichohicho kigoda. Akaniambia nisifungue haraka. Wabishe mara mbili, ndipo nifungue." Akatupa kiazi kwenye maji. "Wiki ya kwanza, ya pili. Mpaka wiki ya nane alikuwa anakaa pale. Hakubisha hata muuza mkaa. Wiki ya tatu tu walikuwa wameshaweka mchungaji mwingine. Sasa akaja kuwaambia ninyi ni mafundisho."

Mlezi akaamka, nikaingizwa. Alikuwa kwenye kiti cha mbao karibu na kitanda, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, lakini maneno yalitoka, polepole. Kigoda kilikuwa mbele yake. Mkewe alisema siku hizi anakitumia kutembelea: anakisukuma mbele, anakiegemea, anaburuta mguu.

"Fundi."

"Shikamoo, Mlezi."

"Marahaba. Kundi linakutana?"

"Linakutana."

"Kila mwezi?"

"Hatujakosa hata mmoja."

"Bila mimi."

"Bila wewe."

Jicho lake la kulia lilikuwa halifungi vizuri, na maji yalitoka humo yakateremka mpaka kwenye ndevu. Huenda ulikuwa ugonjwa. Sikuuliza. Nikasema yale niliyoyaandaa: "Unalia nini, Mlezi? Umefaulu."

Alinitazama. Aliyatambua maneno yake.

"Mbona hamji?" alisema.

"Tupo."

"Nani anawazuia?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya mtu aliyepewa jibu sahihi. Nilisogeza kiti. Nikamwuliza kile nilichokuwa nimekitaka karibu miaka miwili. "Mlezi, Jumatatu aliiua nani? Mimi au wewe?"

Nilidhani atainua kiganja. Hakuinua. Alikuwa anatazama mlango nyuma yangu.

"Yule mama," alisema. "Alibisha mara tatu?"

"Mara tatu."

"Kwa ajili yako."

"Ndiyo."

"Mimi hata mara moja." Akavuta pumzi. "Mara tatu, na wewe umo ndani, unasikia."

Nilisubiri aendelee. Hakukuwa na zaidi. Nilimwona alivyokuwa ananitazama, kama mtu mwenye njaa anayesimuliwa sherehe, na nikajua sitapata jibu langu kwa mtu huyu. Siku ile nilipokaa kwenye kigoda na kusema mara tatu, na yeye akainua kichwa, hakuwa amesikia habari za Zawadi kabisa.

Nilisimama kuaga. Akanishika nguo kwa mkono mzima.

"Fundi. Toka nje."

"Natoka, Mlezi. Basi litaniacha."

"Hapana. Toka, ufunge mlango." Maneno yalimpa kazi. "Halafu ubishe. Useme hodi."

Nilitoka. Nilifunga mlango. Jikoni mkewe aliacha kumenya, nikasikia kisu kimetulia. Nilisimama pale mlangoni na begi langu, mkono nimeuinua. Ndani kigoda kilianza kuburutwa sakafuni. Kiliburutwa, kikasimama, kikaburutwa tena, kinakuja upande wa mlango. Kikafika. Nikasikia anavuta pumzi upande wa pili, karibu sana.

Niliushusha mkono. Nikatembea mpaka barabara kuu. Lilikuwa linapita lori la mafuta, linatoka Tunduma. Lilipokwisha kupita hakukuwa na kitu. Nikavuka.